Watu wa Kivuli cha Asubuhi

Lubumbashi haina mlima. Mgeni akitaka kuona kitu kirefu tunamwonyesha lile rundo jeusi la masalio ya shaba, pale kwenye bomba la moshi la kiwanda, tunamwambia huu ndio mlima wetu, halafu tunacheka naye. Mji wenyewe ni bapa. Ukipanda juu ya paa kuziba tundu la mvua unaona mapaa ya wengine, miti ya avoka na antena, basi.

Kwa hiyo utanielewa nikisema kwamba utotoni nilikuwa na kiburi kisicho na dawa. Sisi tulikuwa na mlima. Ulining'inia saloni kwetu, juu ya kabati la vyombo, umechorwa kwa rangi kwenye gunia la unga lililonyooshwa, tablo kama tunavyoziita. Jirani wa kulia alikuwa na mamba-muntu, yule mwanamke nusu samaki ambaye nusu ya saloni za mji huu zinaye. Jirani wa kushoto alikuwa na picha ya askari wa wakati wa Wabelgiji akimchapa mfungwa. Sisi, mlima: kilele kimoja kilichochongoka, jua jekundu likichungulia nyuma yake, na mto chini. Baba aliuonyesha kwa kidevu, maana kuunyooshea kidole, alisema, ni matusi. "Kule njo kwetu," alikuwa akisema. "Na sisi tulikaaka juu kuliko bote. Bengine bote balikuwa chini."

Juu kuliko wote! Nilibeba maneno hayo mpaka shuleni, mpaka sokoni, mpaka nikawa mwanamke mzima mwenye duka la mapazia katikati ya mji. Mteja akinichokoza kwa kushika kitambaa na vidole vya mafuta, nilijisemea moyoni: mwache, hajui anaongea na mtu wa juu. Eh, Mungu wangu. Nikikumbuka leo uso unaniwaka.

Mlima wenyewe sikuwa nimeuona. Mama pia, yeye aliolewa mjini. Baba aliondoka kule akiwa bado mgongoni kwa mama yake, na hakurudi hata mara moja mpaka tulipomzika. Tulijua tu kwamba uko kaskazini, mbali, nyuma ya Mitwaba, na kwamba ni mkubwa wa kikundi cha milima inayosimama peke yake uwandani.

Kitu kimoja tu cha kule kilikuwa bado kina nguvu mjini, nacho kilikuwa na nguvu wakati wa ndoa. Watu wa mlima ule wamegawanyika kwa kivuli. Wale wanaokaa magharibi yake, jua likitoka, mlima unalificha, wanakaa gizani mpaka chai imenywewa: hao ni watu wa kivuli cha asubuhi. Wale wa mashariki wanapata giza lao mapema mchana ukiisha: hao ni watu wa kivuli cha jioni. Wa kivuli kimoja ni ndugu. Hawaoani, hata kama hawajawahi kusalimiana, hata kama mmoja kazaliwa Kasumbalesa na mwingine Kinshasa.

Mdogo wangu wa mwisho, ambaye nilimlea mimi wakati mama anauza sombe, majani ya mihogo, sokoni, alipata msichana. Msichana wa kweli, mwenye akili, anajifunza uuguzi, na anamcheka mdogo wangu usoni akianza majivuno. Nilimpenda siku ile ile. Na bahati, kumbe ni wa mlima wetu! Mama alipiga kigelegele peke yake jikoni; wa upande gani, hatukuuliza.

Tukaenda kwao kujitambulisha. Tulipeleka bia, kitenge, mbuzi tuliyemwacha langoni akipiga kelele. Upande wetu baba hayupo, wajomba wako mbali, kwa hiyo msemaji nilikuwa mimi, yaya, yaani dada mkubwa, mwenye mdomo. Upande wao aliyeongoza ni kaka mkubwa wa baba ya msichana, mzee mnyoofu wa mgongo, aliyestaafu kwenye reli, amevaa koti ingawa joto lilikuwa kali. Pembeni yake alikaa dada yake, shangazi wa msichana, mama mnene mwenye macho ya kucheka. Wote walimwita Tantine.

Mambo yalikwenda vizuri. Tulitaniana. Mzee akaniuliza kama mdogo wangu anajua kupika bukari, ugali wetu, siku mke wake akiwa zamu hospitalini, nikajibu kwamba anajua kuula. Walicheka. Halafu akaweka glasi chini.

"Bon. Tunasikia muko batu ya mulima. Asubuhi, kule kwenu, munapataka nini: kivuli ao jua?"

Sikufikiri hata kidogo. Mtu akikuuliza jina la mama yako unafikiri? Niliona ukuta wa saloni yetu, niliona lile jua jekundu linachungulia.

"Kivuli, baba," nikasema kwa sauti ya kushiba. "Kwetu jua inatokeaka nyuma ya mulima."

Mama akaitikia kwa kichwa. Mama wa msichana, aliyekuwa amebeba sahani ya nyama, alisimama mlangoni na hakuingia. Mzee alijifuta mdomo polepole.

"Basi ni kivuli yetu," akasema. "Bale ni kaka na dada. Hatuwezi. Mutatusamehe."

Walitupa heshima zote. Walituhimiza tule, wakatufungia nyama ya kubeba. Mbuzi alirudi nasi, amelala nyuma ya gari la kukodi, na mdogo wangu amekaa naye huko huko kwa sababu hakutaka kukaa karibu yangu. Tulipofika nyumbani aliniuliza swali moja.

"Yaya, ile ya jua, uliionaka wapi?"

Nikaangalia ukuta. Sikuwa na mahali pengine pa kuangalia.

"Mu saloni?" akauliza. "Mu ile tablo?"

Sijawahi kuona haya namna ile. Mdogo wangu hakupiga kelele, afadhali angepiga. Alikaa chini, akavua viatu vya sherehe, akavipanga pamoja vizuri, akaenda kulala jua bado liko juu.

Ndipo mama akakumbuka, sasa! Mchoraji alikuwa kijana wa mtaa wa Kenya, hapa hapa Lubumbashi, ambaye hajatoka mjini maisha yake yote. Baba alimwambia: nichoree mlima mkubwa. Kijana akaenda kulikodolea macho rundo la masalio ya shaba, akaondoa bomba, akachongoa ncha. Na jua? "Ah, ule alikuwaka anabeka jua nyuma ya kila kitu," mama akasema. "Ata nyuma ya mamba-muntu." Nilimkasirikia mama, nilimkasirikia kijana yule ambaye labda ni babu wa watu siku hizi, nilimkasirikia baba kaburini. Kisha hasira ikaisha, ikabaki aibu peke yake, maana kinywa kilichosema kilikuwa changu.

Nilirudi kwa yule mzee, bila mbuzi, bila kujipamba. Nikamwambia nilijibu kitu nisichokijua, na ninaomba ruhusa niende kule nikaulize. Hakunicheka, sijui kwa nini. Akasema niende na mtu wao, Tantine. "Na ukirudi, utasema mwenyewe, na kinywa yako, mbele ya batu bote balikuwa hapa. Tantine atasema tu kama ni kweli ao ni bongo."

Barabara ya Mitwaba usiniulize. Kuna sehemu lori linakwenda kwa kuomba. Tantine alikaa juu ya magunia ya chumvi kama yuko kwake, anatafuna karanga, anawatania vijana wa lori, ananitania na mimi. "Weye unauzisha mapazia," akasema, "njo maana unafunga macho." Nilicheka. Ilinichoma, lakini nilicheka, maana alisema kweli.

Uwanda unakwenda, unakwenda, majani na vichuguu, vichuguu na majani, unaanza kuamini dunia nzima ni bapa kama Lubumbashi. Halafu milima inasimama tu mbele yako. Haianzi kidogo kidogo. Hakuna vilima vya kukuandaa. Imekaa peke yake pale kama vyombo vilivyoachwa katika nyumba ya watu waliohama, na ule mkubwa uko katikati.

Haukuchongoka hata kidogo. Ulikuwa mpana, mzito, umekaa kama chungu kilichofunikwa, kichwa kina upara wa mawe. Upande wa magharibi ni jabali jekundu lililopasuka kutoka juu mpaka chini. Upande wa mashariki unashuka taratibu, una msitu wenye ukungu. Kusini yake kuna mlima mdogo, na kati ya mkubwa na mdogo kuna mgongo mwembamba unaoiunganisha, ambao upepo wote wa uwanda unapita hapo. Walituambia mvua ikinyesha kwenye mgongo ule, maji hugawanyika: mengine yanashuka kwenda Lufira, mengine yanakwenda zake upande wa maziwa ya Upemba. Na mto chini ya mlima, ule wa kwenye tablo, hakuna. Kuna vijito tu, vyembamba, vya baridi ya kuuma meno.

Tulifika mashariki mchana unakwisha. Niliona kwa macho yangu kivuli kikitambaa juu ya mashamba ya mihogo. Kuku walikimbilia kulala, wakati kule ng'ambo ya mgongo jua bado lilikuwa linawaka njano. Nilisahau kwa muda kilichonileta. Nilisimama pale na machozi yananitoka, nikawaza: baba, kumbe ni kizuri hivi.

Aliyetupokea alikuwa mjane anayetunza kanisa dogo la kijiji, mwanamke wa rika la Tantine, anasema Kiluba tu. Mimi Kiluba sikijui. Hapo pia haya ilinipata, mtu wa juu anayetafsiriwa kwao! Nikataja jina la babu, nkambo kama tunavyomwita. Mjane akarudia lile jina, akauliza kitu, Tantine akamjibu. Kisha akanyoosha midomo kuelekea kwenye mgongo, kati ya mlima na mlima.

Tulipanda asubuhi yake, Tantine akihema na kulaani magoti yake. Pale mgongoni hakuna mti wa maana. Kuna majani mafupi yaliyolazwa na upepo, na mawe yaliyopangwa duara duara, misingi ya nyumba ndogo sana. Nilikuwa nimejifunga vitenge viwili na bado nilitetemeka. Ukiangalia kulia unaona vijiji vya asubuhi chini, ukiangalia kushoto vijiji vya jioni chini. Ni kweli. Tulikuwa juu kuliko wote.

"Muulize," nikamwambia Tantine, "sababu ya nini balikaa huku, na chini kuko udongo muzuri?"

Mjane alisema kwa muda mrefu. Hakuangalia upande wangu. Tantine alisikiliza, na yale macho yake ya kucheka yakaacha kucheka.

"Anasema," Tantine akaanza, kisha akageukia vijiji vya asubuhi kule chini. "Anasema hapa balibekaka bale balinunuliwa. Nkambo yako alikuya na kamba mu shingo, toka mbali, hakuna anayejua wapi. Batu ya kununuliwa hakuna kivuli yao. Ya asubuhi haiko yao, ya jioni haiko yao. Balibapa hapa juu, ju hakuna mutu alipapendaka."

"Ni ile tu?"

"Ni ile."

Nilikaa juu ya jiwe. Ningepaswa kufurahi, si ndiyo? Mdogo wangu na mpenzi wake si ndugu, hawana damu wala kivuli cha pamoja, kile kizuizi kimeanguka. Badala yake nilikuwa naona uso wa baba akinyoosha kidevu ukutani. Niliona haya juu ya babu, ambaye hakumkosea mtu. Halafu niliona haya kwa kuona haya juu ya babu. Zilikuja pamoja, sikujua ya kuanza nayo.

Na kulikuwa na jingine. Nyumba nyingi katika mji wetu hazitakwambia usoni kwamba hazitoi binti kwa mjukuu wa mtu aliyenunuliwa. Wanasema "tutafikiria". Wanakusindikiza mpaka langoni. Ukipiga simu haishikwi. Kwa hiyo mdogo wangu alikuwa ameokolewa na kamba ile, na kamba ile ile ingeweza kumnyima mke.

Njiani kurudi nilimwomba Tantine, kwa sauti ya chini, kama tungeweza kusema tu kwamba sisi ni wa kivuli cha jioni. Nilimwomba, ndiyo. Aliangalia barabara.

"Ni we njo utasema," akajibu. "Mi nitasema kama ni kweli."

Mama nilimwambia peke yake, jikoni, anachambua maharagwe. Mikono yake ilisimama. "Unataka kutuvua nguo mbele ya batu?" akaniuliza. "Miaka yote ile tunasema mulima, mulima!" Nikamweleza kwamba Tantine alikuwepo, kwamba hakuna pa kujificha. Aliendelea na maharagwe. Siku ya kurudi kule alivaa kitenge chake cha gharama, akajifunga kichwa juu sana. Mdogo wangu alijua tu kwamba si ndugu wa msichana. Mengine sikuweza kumwambia.

Watu walikuwa wale wale, viti vile vile, mbuzi yule yule langoni. Mzee na koti lake. Safari hii bia haikufunguliwa.

Nilisimama. Nilitaka kuanza na mzaha, mzaha haukuja. Nikasema: "Siku ile niliwadanganya bila kujua. Mlima ule hauko wetu. Hatuna kivuli cha asubuhi wala cha jioni. Babu yetu alinunuliwa. Aliletwa na kamba shingoni, wakamweka pale juu kwenye upepo. Ndiyo maana baba alikuwa akisema tulikaa juu." Sauti ilinikatika kwenye neno "juu". Sikumwangalia mama. Nilimwona mdogo wangu tu, ameinamisha kichwa kama mtoto aliyepigwa, nikatamani sakafu inimeze.

Mzee hakubadilisha uso. Wenzake upande ule waliangaliana, na mmoja akaanza kujikuna kidevu kwa namna ninayoijua: tutafikiria. Mzee akageukia dada yake.

"Tantine. Ni kweli ao ni bongo?"

Tantine alisimama kwa shida, magoti bado yanamwuma.

"Ni kweli yote," akasema. "Lakini hakusema yote, ju hakusikia yote. Ile mama wa kanisa aliniambia na Kiluba, na mi sikutafsiri. Nilisikia aibu." Akamwangalia kaka yake. "Ile kamba ilikuwa ya kwetu, kaka. Ni nkambo wetu, wako na wangu, njo alimununua. Alilipa na chumvi. Njo alimubeka pale juu."

Mbuzi alilia langoni, na hakuna aliyecheka. Yule aliyekuwa anajikuna kidevu aliuteremsha mkono wake na kuuweka juu ya goti. Mzee mgongo wake mnyoofu ulilegea, kidogo kidogo, mpaka akaonekana ameegemea magoti kama mtu aliyechoka na safari. Alivua koti, akalikunja, akalishika mikononi.

"Mama," akamwambia mama yangu hatimaye, na hakuinua macho. "Sisi hatuna tena mudomo ya kuuliza. Sasa ni ninyi mutasema. Kama munatukatala, tutasikia."

Nilimgeukia mama. Nilidhani atalia. Alikuwa amekaa wima, kitambaa chake juu kabisa, anawaangalia wote mmoja mmoja.

"Mulima mubakie nayo," akasema. "Mara mbili munatuuliza maneno ya mulima. Sisi tulikuya sababu ya mutoto. Iko wapi?"

Msichana hakuhitaji kuitwa. Alikuwa nyuma ya pazia la jikoni, amesikia yote. Aliingia ameinamisha uso, akampita mdogo wangu bila kumwangalia, akampita mzee, akapiga magoti mbele ya mama yangu na kushika miguu yake kwa mikono miwili. Alikuwa analia bila sauti, mabega yanatikisika.

Mama akainama, akamshika kiwiko.

"Simama, mwanangu," akamwambia. "Sementi iko baridi."